Mazoezi ya Mwili: Jitihada Kiasi Gani, na kwa Mwili wa Nani? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa zaidi na watu wa aina mbili: wanaotaka kuanza mazoezi, na waliokwishafanya kwa miezi kadhaa bila kuona tofauti waliyoitarajia. Ukishapata swali lako, si lazima usome mengine.

Mimi na mwenzangu tulianza siku moja na tunafuata programu ileile. Yeye amebadilika, mimi niko vilevile. Ina maana sijitahidi?

Si lazima. Miili miwili ikipewa kazi moja haiitiki sawa, na jambo hili limepimwa kwa makini. Katika utafiti wa HERITAGE uliofanyika Marekani na Kanada miaka ya 1990, kundi moja la watu 481 kutoka familia 98, wote wasio na mazoea ya mazoezi, lilifanya mazoezi ya baiskeli mara 3 kwa wiki kwa wiki 20. Vipindi vilisimamiwa na ukali ulipangwa kwa mapigo ya moyo ya kila mmoja, kwa hiyo hakukuwa na nafasi ya kutega. Uwezo wa mwili kutumia oksijeni ulipanda kwa wastani wa karibu lita 0.4 kwa dakika. Lakini ndani ya wastani huo walikuwamo watu ambao hawakupanda karibu kabisa, na wengine waliopanda kwa zaidi ya lita nzima. Tofauti hizo zilifuata familia: ndugu walielekea kufanana, na watafiti walikadiria kwamba urithi unaweza kueleza hadi 47% ya tofauti hiyo.

Wengi wakisikia hivyo hukata tamaa, wakidhani wamezaliwa na mwili usiofundishika. Hapo wanakosea. Mwaka 2017, David Montero na Carsten Lundby walichapisha utafiti wa watu wazima 78 wenye afya, waliogawanywa kufanya vipindi vya dakika 60 mara 1, 2, 3, 4 au 5 kwa wiki, kwa wiki 6. Waliofanya mara 1, wengi wao hawakuongeza chochote. Waliofanya mara 4 au 5, hakuna hata mmoja aliyetoka mikono mitupu. Kisha wale walioonekana hawaitiki waliongezewa vipindi 2 kwa wiki kwa wiki 6 nyingine, na wote wakaitika.

Hilo ndilo ninalotaka ulishike katika ukurasa huu wote. Mwenzako anaweza kupata matokeo kwa vipindi 2, wewe ukahitaji 4. Hajakuzidi bidii. Programu iliyoitosha misuli na moyo wake ni ndogo kwako, au pengine ni kubwa mno na mwili wako haupati nafasi ya kupona. Kabla hujajilaumu, badilisha kitu kimoja: ongeza siku, au ongeza ukali, au pumzika zaidi. Kisha subiri wiki 6 upime tena.

Kujitahidi ni nini hasa? Ni kutoka jasho?

Jasho linakueleza hali ya hewa na namna mwili wako unavyojipoza. Unaweza kulowa chapachapa kwa kusimama tu mahali penye joto.

Jitihada hupimwa kwa umbali uliobaki kati ya kazi unayoifanya na mwisho wa uwezo wako wa leo. Kilo 20 kwa mtu mmoja ni kazi nzito, kwa mwingine ni kupasha mwili moto tu. Kupanda ngazi za ghorofa tatu kunaweza kuwa zoezi kamili kwa aliyetoka kuugua, na kusiwe chochote kwa mkimbiaji.

Sababu iko ndani ya misuli yenyewe. Mwili hautumii nyuzi zote za misuli kwa mpigo mmoja. Huanza na nyuzi ndogo zisizochoka upesi, na huita zile kubwa, zenye nguvu nyingi, pale mzigo unapokuwa mzito au zile ndogo zinapoanza kuchoka. Nyuzi ambayo haijaitwa kazini haina sababu ya kukua. Ndiyo maana mzigo mwepesi, hata wa asilimia 30 ya uzito wa juu kabisa unaoweza kuunyanyua mara moja, hukuza misuli karibu sawa na mzigo wa asilimia 80, ilimradi uunyanyue mpaka ukaribie kushindwa. Ukitaka nguvu za kunyanyua vitu vizito hasa, hapo mizigo mizito bado inaongoza. Lakini asiye na vyuma nyumbani hana haja ya kusikitika: pushapu na kuchuchumaa zinatosha kuanza, akizifanya mpaka karibu na mwisho wake.

Nitajuaje kwamba kiwango ninachofanya kinanifaa?

Kwa mazoezi ya pumzi, kama kutembea kwa kasi, kukimbia au baiskeli, tumia mdomo wako. Ukiweza kuzungumza sentensi nzima lakini huwezi kuimba, uko kwenye kiwango cha wastani. Ukiweza kutoa maneno machache tu kabla ya kuvuta pumzi, uko kwenye mazoezi makali. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo. Kipimo hiki hakihitaji kifaa na kinakwenda na wewe: siku uliyolala vibaya, pumzi itakata mapema, nawe utapunguza bila kuambiwa.

Kwa vyuma, jiulize mwishoni mwa kila seti, yaani marudio kadhaa ya zoezi moja kabla ya kupumzika: ningeweza kurudia mara ngapi zaidi bila kuharibu mkao? Jibu likiwa 1 hadi 3, umefanya kazi. Likiwa 6 au 7, seti hiyo ilikuwa ya kupasha mwili. Wanaoanza hukosea sana hapa, na karibu wote hukosea upande mmoja: hudhani wamefika mwisho wakati bado wana akiba kubwa. Dawa ni kuchagua zoezi salama, mfano pushapu au mashine ya kusukuma kwa miguu, na siku moja kulifanya mpaka ushindwe kweli, ili ujue mwisho wako unafananaje.

Gunnar Borg, mwanasaikolojia wa Sweden, alitengeneza kipimo cha namba 6 hadi 20 ambapo mtu hujitathmini mwenyewe uzito wa kazi anayofanya. Namba zilichaguliwa ili ukizidisha kwa 10 upate takriban mapigo ya moyo ya kijana mwenye afya. Siku hizi wengi hutumia 0 hadi 10, ambayo ni rahisi zaidi. Hisia ya mtu juu ya mwili wake ni kipimo cha kisayansi, na inashangaza jinsi walimu wengi wa mazoezi wanavyoipuuza.

Je, ile hesabu ya 220 kutoa umri?

Ni makadirio ya kundi, hayamjui mtu mmoja mmoja. Mapigo ya juu kabisa ya watu wa umri mmoja hutofautiana sana: kupishana kwa mapigo 10 au zaidi na jibu la hesabu ni jambo la kawaida. Kanuni iliyochapishwa mwaka 2001 na Tanaka na wenzake, 208 kutoa umri uliozidishwa kwa 0.7, huwafaa zaidi wenye umri mkubwa. Kwa mtu wa miaka 60, ya kwanza inatoa 160 na ya pili 166. Hata hivyo nayo ni wastani tu.

Ukitaka kutumia mapigo, ingiza na mapigo yako ya kupumzika, kama ilivyotokana na kazi ya Karvonen wa Finland mwaka 1957. Chukua mapigo ya juu, toa yale ya kupumzika, tafuta asilimia unayotaka ya jibu hilo, kisha rudishia yale ya kupumzika. Watu wawili wenye mapigo ya juu 180 wanataka kufanya kazi kwa asilimia 60. Mwenye mapigo ya kupumzika 60 atalenga 132, mwenye 80 atalenga 140. Anayetumia beta-bloka, dawa za moyo na shinikizo la damu, aachane na hesabu hizi zote, kwa sababu dawa hizo huzuia moyo kupanda kasi. Atumie kipimo cha kuzungumza.

Lazima nifike mwisho kabisa wa nguvu kila seti?

Hapana. Ukibakiza marudio 1 hadi 3 unapata karibu faida yote, na unaweza kurudi kesho kutwa ukiwa na nguvu. Kufika mwisho kila seti huongeza uchovu kuliko kunavyoongeza misuli, na mkao huharibika palepale ambapo mzigo ni hatari zaidi.

Nisipoumwa siku ya pili, nimefanya kazi bure?

Hapana. Maumivu yale hutokana zaidi na zoezi geni, hasa lile la kushusha mzigo au kuteremka mlima, na huwa makali kati ya saa 24 na 72. Ukirudia zoezi hilohilo wiki zinazofuata yatapungua, huku misuli ikiendelea kukua.

Nianze na kiasi gani?

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watu wazima wafanye dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya kiwango cha wastani, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2. Mwongozo huohuo unasema kitu ambacho watu hawakisomi: kufanya kidogo ni bora kuliko kutofanya kabisa, na anayeanza aanze kidogo.

Kwa hiyo namba 150 ni mahali pa kufika. Kama umekaa mwaka mzima bila mazoezi, kutembea kwa kasi dakika 10 mara 3 au 4 kwa wiki, na siku 2 za seti chache za kuchuchumaa, kusukuma na kuvuta, ni mwanzo wa heshima kabisa. Viungo na kano huzoea mzigo polepole kuliko misuli, na misuli yenyewe huchelewa kuliko ari. Wengi wanaoacha mazoezi mapema hawakosi bidii. Waliimwaga yote wiki ya kwanza.

Niongeze lini, na kwa kiasi gani?

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, alikuwa akiwahudumia askari waliojeruhiwa magoti na mapaja. Badala ya kuwapumzisha, aliwanyanyulisha vyuma. Aliandika juu ya njia yake mwaka 1945. Kilichonivutia humo ni pale alipoanzia: kwa kila mgonjwa alitafuta uzito ambao mgonjwa huyo angeweza kuunyanyua mara 10 na si 11. Huo ndio uliokuwa msingi wa kazi yake, na ulipimwa upya kila wiki. Baadaye, akiwa na Arthur Watkins, alipendekeza seti 3: ya kwanza kwa nusu ya uzito huo, ya pili kwa robo tatu, ya tatu kwa uzito kamili. Hakuna mgonjwa aliyepewa uzito wa mwenzake, na hakuna aliyebaki na uzito wa wiki iliyopita akiwa amekwisha kuushinda.

Kwa mtu wa kawaida leo, weka idadi ya chini na ya juu, tuseme marudio 8 hadi 12. Baki na uzito uleule mpaka ufikishe 12 katika seti zote ukiwa na akiba ya marudio 1 au 2, ndipo uongeze kiasi kidogo kabisa kinachopatikana na urudi kwenye 8. Mwingine ataongeza kila wiki, mwingine kila wiki ya tatu. Daftari litakuambia wewe ni yupi. Kama hujaandika, huna namna ya kujua kama unasonga au unazunguka.

Wiki za mwanzo nguvu hupanda haraka bila misuli kuongezeka kwa kuonekana, kwa sababu mfumo wa fahamu unajifunza kuitumia misuli iliyopo. Baada ya hapo mwendo hupungua. Usidhani programu imekufa.

Ninakimbia kila siku kwa nguvu zangu zote, mbona kasi haipandi?

Kwa sababu ni kila siku na kwa nguvu zote. Wanariadha wakubwa wa mbio ndefu, baiskeli na kupiga makasia, walipochunguzwa na watafiti kama Stephen Seiler, walionekana kufanya takriban asilimia 80 ya vipindi vyao kwa mwendo mwepesi, na karibu asilimia 20 kwa ukali wa kweli. Mkimbiaji wa kawaida hufanya kinyume: siku nyepesi anazifanya kuwa nzito kidogo, kisha siku nzito anakosa nguvu za kuzifanya nzito kweli. Kila siku inakuwa ya katikati, na uchovu haumtoki.

Punguza mwendo mpaka uweze kuzungumza, hata kama ni kupishana kukimbia na kutembea. Utaona aibu kidogo watu wakikupita. Waache wapite. Chagua siku 1 au 2 kwa wiki za kukimbia kwa kasi kweli, katika vipande vifupi vyenye mapumziko. Kujizuia siku nyepesi nako ni jitihada, na kwa watu wenye ari kubwa ndiyo ngumu kuliko zote.

Programu ya mtu binafsi ina nini cha ziada? Na lazima niwe na mwalimu?

Mwalimu anasaidia sana kwenye mkao, na kwa mtu mwenye maumivu au ugonjwa. Lakini si kila programu inayoitwa ya binafsi imetengenezwa kwa ajili yako. Ukipewa karatasi kabla hujaulizwa chochote, hiyo ni ya kila mtu, iliyoandikwa jina lako juu.

Mwalimu anayejua kazi yake atataka kujua unataka nini hasa: kupanda ngazi bila kuhema, kukata kitambi, kukimbia kilomita 10, kumbeba mtoto bila mgongo kuuma. Atauliza uliwahi kuumia wapi, unatumia dawa gani, unalala saa ngapi, kazi yako ni ya kukaa au ya kusimama, na ni siku zipi unaweza kuja bila kujidanganya. Kisha atakutazama ukichuchumaa, maana urefu wa paja na ulegevu wa kifundo hubadilisha mkao wa mtu, na anayekulazimisha usimame kama picha ya ukutani hajakutazama. Baada ya wiki chache atapima tena na kubadilisha. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayokosekana mara nyingi, nami ningempima mwalimu yeyote kwa hiyo kuliko kwa ukubwa wa misuli yake. Kelele za kuhamasisha zina raha yake, ila haziwezi kuchukua nafasi ya kumjua mtu.

Ukiwa peke yako unaweza kufanya yote hayo kwa uaminifu na daftari: mwendo wa kilomita moja, idadi ya pushapu, mapigo ya moyo asubuhi, namna ulivyolala.

Mimi ni mvivu wa asili. Nitapata wapi nidhamu?

Sikubali kirahisi mtu anapojiita mvivu. Mara nyingi nikitazama programu yake naona siku 6 kwa wiki, saa moja na nusu kila siku, kwa mtu mwenye watoto na kazi ya zamu. Hiyo ingemshinda yeyote. Panga kiasi ambacho hata katika wiki mbaya ungekifanya, hata kama ni dakika 15 mara 3. Kifunge kwenye kitu unachokifanya tayari kila siku, kama kabla ya kuoga asubuhi. Ukikosa siku moja, usilipe deni kwa kufanya mara mbili kesho yake. Endelea na ratiba.

Chagua pia unachokipenda. Anayechukia kukimbia aogelee, acheze dansi, aruke kamba au ajiunge na mchakamchaka wa kikundi ikiwa kampani ndiyo inayomwamsha. Moyo na mapafu havijali jina la zoezi.

Umri umeenda. Si nimechelewa?

Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake, huko Boston, walichapisha matokeo ya wazee dhaifu waliokuwa wakiishi katika nyumba ya kutunzia wazee, wenye umri wa wastani wa miaka 90. Walifanya mazoezi ya vyuma kwa wiki 8, na hawakupewa vyepesi vya kuwabembeleza: walifikishwa kwenye asilimia 80 ya uwezo wa kila mmoja. Waliomaliza walikuwa 9, na nguvu zao za mapaja ziliongezeka kwa wastani wa 174%. Uwezo wa kila mmoja ulipimwa kwanza, kisha akadaiwa jitihada ya kweli kwa kipimo hicho. Wazee wananyimwa jambo hili mara nyingi kwa jina la huruma, wakiishia kunyooshanyooshwa mikono kwenye viti.

Kinachobadilika na umri ni muda wa kupona. Acha siku moja zaidi kati ya vipindi vizito, na ongeza mazoezi ya kusimama imara kwa mguu mmoja, ukiwa karibu na kitu cha kushika.

Wanawake wafanye mazoezi tofauti?

Misingi ni ileile. Kwa asilimia, nguvu za wanawake hupanda sawa na za wanaume. Hofu ya kugeuka mwili wa mwanamume kwa kunyanyua vyuma mara 2 kwa wiki haina msingi.

Nina shinikizo la damu, au kisukari, au ni mjamzito. Nijizuie?

Kwa wengi wenye hali hizi mazoezi ni sehemu ya matibabu yenyewe, ila mazungumzo na daktari yatangulie. Mwenye shinikizo la damu asibane pumzi anaponyanyua: atoe pumzi anaposukuma. Anayetumia insulini apime sukari kabla na baada, na awe na kitu kitamu karibu. Mjamzito ambaye mkunga au daktari hajamkataza anashauriwa na Shirika la Afya Duniani kufikisha angalau dakika 150 za wastani kwa wiki, na aepuke kulala chali kwa mazoezi baada ya miezi mitatu ya kwanza.

Mizani haisogei. Nifanye nini?

Pima kiuno, andika uzito unaonyanyua na muda wa kutembea njia ileile. Unaweza kupoteza mafuta na kuongeza misuli huku mizani ikibaki palepale. Kama lengo ni kupunguza uzito, chakula kina nguvu kuliko tizi, na hakuna jitihada ya jimu inayoweza kushindana na sahani kwa muda mrefu.

Nilisimama mwezi mzima. Nianze upya?

Karibu, lakini si kabisa. Pumzi hushuka mapema, ndani ya wiki 2 hadi 4, ilhali nguvu hukaa muda mrefu zaidi. Rudi kwa takriban nusu ya ulichokuwa unafanya na upande kila wiki. Misuli iliyowahi kujengwa hurudi haraka kuliko ilivyojengwa mara ya kwanza. Kama ulisimama kwa homa, subiri iishe kabisa kwanza.

Nitofautisheje uchovu wa kawaida na dalili ya kusimama?

Miguu mizito, hamu ndogo, usingizi wa jana uliokatika: pasha mwili moto dakika 10, kisha amua. Mara nyingi mwili hufunguka. Usipofunguka, fanya nusu ya kazi na uende zako. Mapigo ya moyo ya asubuhi yakipanda kwa siku kadhaa mfululizo, usingizi ukiharibika na namba za daftari zikishuka licha ya bidii, chukua wiki nzima nyepesi.

Maumivu makali ya kiungo yanayochoma mahali pamoja, yanayoongezeka kwa kila rudio, yanakutaka uache zoezi hilo siku hiyo. Maumivu au kubanwa kifua, kuzimia, kuhema kusikolingana na kazi, au moyo kwenda mbio bila mpangilio: simama palepale na utafute huduma ya dharura.

Kuna dalili moja ambayo wanaoanza kwa pupa wanapaswa kuijua. Baada ya kazi kubwa ambayo mwili haukuizoea, misuli inaweza kuharibika kiasi cha kumwaga protini zake kwenye damu na kuziumiza figo. Misuli huvimba na kuuma kupita kiasi, na mkojo hugeuka rangi ya kahawia kama chai ya rangi. Ukiona hivyo, nenda hospitali siku hiyohiyo, na mweleze daktari ulifanya zoezi gani, lini, na kwa muda gani.